Glavu Nyekundu

Tangu Disemba, Arlys alikuwa na swali moja tu: mumewe alikufa, au alimwacha? Verlyn alitoka asubuhi kwenda kuvua samaki kwenye tundu la kutobolewa katika barafu ya ziwa, theluji ikaanguka ikafuta nyayo, na hakurudi. Mbwa wa polisi hawakunusa kitu. Mjini watu walikwishakata shauri, maana mhudumu mmoja wa baa naye alihama wiki ileile.

"Shoga, mwanamume akitaka kwenda, huaga?" alisema Doreen, jirani yake, akikoroga kahawa. "Na hilo lidude lako la uani liondoe. Linanisisimua mwili."

Lidude lenyewe lilikuwa sanamu ya Verlyn. Wapenda ndege wa huko ndivyo wafanyavyo: unajaza majani makavu kwenye nguo zako, unaikalisha sanamu kitini, unaiwekea mbegu za alizeti kwenye glavu. Ndege wakishaizoea, unakaa wewe mahali pake, nao wanakula mkononi mwako. Arlys alifuma jozi mbili za glavu nyekundu, moja ya sanamu, moja ya mume. Bado aliiwekea mbegu kila asubuhi, na wale ndege wadogo wenye utosi mweusi walikuja mmoja mmoja. Alikuwa akiiogopa. Ilikuwa na mabega ya Verlyn.

Mwishoni mwa Machi upepo ulivuma usiku kucha, barafu ikapasuka ikilia kama mlango mbovu. Kulipokucha, ndege weusi wenye mabega mekundu, wale wanaohama wakati wa baridi, walikuwa wamerudi, wakipiga kelele kwenye matete. Lakini mbegu za sanamu hazikuguswa. Wale wadogo waliipita tu, wakateremka ziwani.

"Hata hao wamekuchoka!" Doreen alimtania kutoka uzioni.

Arlys alichota mbegu za sanamu, akazitia mfukoni. Aliwafuata.

Upepo ulikuwa umerundika mapande ya barafu ufukweni, na juu yake ndege walikuwa wakipokezana. Mmoja anatua, anainamisha kichwa, anatafuta, anaondoka mdomo mtupu, mwingine anatua. Walikuwa wakitua kwenye glavu nyekundu. Ndani ya glavu mlikuwa na mkono.

Alipiga magoti kwenye tope. Alilia, na Mungu amsamehe, ndani ya kilio kile mlikuwa na furaha. Hakuachwa.

"Doreen!" aliita bila kugeuka. "Njoo. Yupo hapa."

Kisha akatoa mbegu mfukoni, akaziweka kwenye kile kiganja kigumu. Ndege wa kwanza hakungoja hata aondoe mkono wake.