Pengo Juu ya Mlango

Mshonaji aligonga gogo la kwanza kwa kidole, akatega sikio. Lilimjibu kwa sauti kavu. La pili lilinyamaza kimya. Akaliinamia na kulinusa, pua ikajaa harufu ya utomvu.

"Hilo bichi," alisema fundi seremala, waliyembandika jina la Kobe kwa mwendo wake. "Makavu ukiyapanga yametulia. Ila niliyo nayo hayatoshi hata chumba kimoja. Mengine mpaka tusubiri yakauke."

"Na tukijenga kwa mabichi?"

"Yatasinyaa. Ukuta utashuka."

Ukuta ushuke! Mwingine angeaga akaenda zake, lakini yeye ndiyo kwanza akazidi kudadisi. Utashuka kiasi gani? Na mlango je, si utabanwa? Kobe akacheka, akamweleza kwamba juu ya fremu angeacha pengo, ukuta upate pa kushukia. Hapo mshonaji akaelewa mara moja. Hata yeye hakati gauni la kitambaa kinachosinyaa bila kuacha akiba kwenye upindo.

Mama yake alikuwa ameketi juu ya rundo la magogo, mkongojo mapajani. Nyumba ilikuwa ya kwake huyo. Miaka yote alipanga chumba ghorofani, na sasa ngazi zilikuwa zinamshinda. Bintiye aliogopa jambo moja tu: mama asije akaingia nyumbani kwake akiwa amebebwa.

"Unasemaje, mama? Tusubiri?"

"Marehemu baba yako alisubiri yakauke," mama akajibu. "Yakakauka vizuri sana. Mchwa wakahamia kabla yetu. Mabichi, mwanangu."

Wakajenga. Mshonaji akalijaza pengo mabaki ya vitambaa kuzuia upepo, na mama akaingia kwa miguu yake. Usiku magogo yalilialia. Asubuhi bibi yule, aliyezoea kugombana na kitanda mpaka jua kali, alidamka kuona nyumba imefanya nini. Pengo likibana, alichomoa kitambaa kimoja kwa kipini cha mkongojo.

Siku moja bintiye alimkuta kizingitini, kipande cha kaniki kimekunjwa mkononi.

"Hiki ndicho cha mwisho," mama alisema, akicheka. "Yamekauka, mwanangu. Na mimi nimo ndani."

Mshonaji akaketi kando yake, akalia bila kujificha.