Karani wa Mashine Namba Mbili

Kwa miezi minane Nyanchoka alikuwa anabonyeza neno lilelile kila asubuhi: Baadaye. Akiwasha mashine namba mbili, kabla hata hajapangusa kibodi, kona ya juu ya brauza inamletea alama nyekundu na maneno ya jana. Toleo jipya liko tayari. Toleo hili la zamani si salama. Sasisha sasa, au baadaye. Naye anabonyeza Baadaye na kuendelea na kazi, kama mtu anayemwambia mgeni aliye mlangoni arudi kesho huku akijua kwamba hata kesho hatamfungulia.

Haikuwa uvivu. Bravin ndiye aliyemkataza. Bravin, kijana wa Suneka aliyejifundisha kuunda programu, alikuwa amewatengenezea pale saiba, kwenye kompyuta zao za kulipia, kitu kidogo cha kupachika ndani ya brauza, akakiita Karani. Kazi ya Karani ilikuwa kukumbuka. Wateja wa Nyamira walikuwa wanasahau maneno yao ya siri vibaya sana. Mtu anajisajili leo, mwezi ujao anarudi hajui hata alianza na herufi gani. Karani aliyaweka yote. Mteja akirudi, Nyanchoka anafungua ukurasa, alama ndogo ya jani la chai kando ya anwani inawaka, na nafasi ya neno la siri inajijaza vidoti.

Bravin alimweleza kwamba brauza mpya hazikubali tena nyongeza zilizoundwa kwa mtindo ule wa zamani, na kwamba siku atakayosasisha, Karani atazimwa papo hapo. Akaomba muda aandike Karani mwingine. Muda huo ndio ulikuwa umefika miezi minane.

Saiba yenyewe ilikuwa nyuma ya duka la Dahabo. Mbele palikuwa na thamosi, mablanketi na leso. Nyuma ya pazia, mashine tatu, moja kati yao mbovu. Dahabo alikuwa Msomali aliyezaliwa papo hapo Nyamira, na mji mzima ulimwita Mama Uzair. Alimwajiri Nyanchoka kufagia. Kompyuta Nyanchoka alijifundisha kwa macho tu: alisimama na ufagio nyuma ya wanaojua, akaangalia vidole vyao vinaenda wapi, siku baada ya siku, mpaka naye akajua. Shule yake ilikomea darasa la nane. Walikuwa na mpango wao wawili. Ijumaa mchana Dahabo akienda kuswali, Nyanchoka analinda duka. Jumamosi Nyanchoka, ambaye ni Msabato, haji kazini, na saiba haifunguliwi, kwa sababu Dahabo hakuzijua kompyuta na hakuwa na haja ya kuzijua.

Ijumaa hiyo, saa tisa na nusu, mdogo wake Celestine aliingia akihema, fomu ya daktari mkononi, muhuri bado haujakauka vizuri. Alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Kilichobaki ni kuingia kwenye ukurasa wake na kuithibitisha kabla ya saa sita mchana Jumamosi. Asiyethibitisha, nafasi yake inapewa mwingine. Kwa watu wengine Jumamosi mchana ilikuwa mbali. Kwa nyumba yao mwisho ulikuwa jua la leo likizama, maana likizama Sabato imeingia, na baba yao Mogire hakuwa mtu wa kujadiliana naye juu ya Sabato.

Nyanchoka akafungua ukurasa kwenye namba mbili. Palikuja karatasi nyeupe na mstari mmoja: brauza unayotumia ni ya zamani na haikubaliki tena. Hapo hapakuwa na Baadaye.

Akahamia namba tatu, ambayo haikuwa na Karani na ilijisasisha yenyewe miaka yote bila mtu kuisumbua. Ukurasa ukafunguka vizuri kabisa, ukataka neno la siri.

"Ni gani?" Celestine akauliza.

Nyanchoka aligeuka kuitazama namba mbili. Siku ya kumsajili mdogo wake alitaka kumpa neno gumu kuliko maneno ya watu wote, basi akamwachia Karani alitunge mwenyewe. Herufi kumi na sita zilizovurugwa. Hakuna binadamu aliyewahi kuziona. Na ukiomba neno jipya, ujumbe unaenda kwa namba ya simu ya baba, ile laini iliyopotelea kwenye shamba la majani chai mwaka jana, ambayo sasa ilikuwa na mtu wasiyemjua.

Celestine akabahatisha, akakosea. Akabahatisha tena. Ukurasa ukamwonya kwamba limebaki jaribio moja, kisha akaunti itafungwa.

"Usiguse," Nyanchoka akasema, akamshika mkono.

Kwenye benchi alikuwa amekaa Mwalimu Osoro, mzee mstaafu aliyekuja kuchapisha barua ya kanisa. Osoro alikuwa wa kusaidia hata asipoombwa. Alisogea namba mbili, akaandika jina la ukurasa kwenye kitafutio, akateremka kidogo, akabonyeza. Ukaja ukurasa wenye nembo ileile, rangi ileile, na ukakubali ile brauza ya zamani bila neno. Hata neno la siri haukulitaka mwanzoni. Ulianza na namba ya kitambulisho na simu ya mzazi.

"Si mnaona," Osoro akasema. "Nyinyi vijana mnapenda kuingia kwa mlango mkuu. Mzee anajua wa nyuma."

Celestine alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie, akavuta kiti. Nyanchoka alikuwa anaangalia kona ya juu, mahali alipozoea kuangalia. Lile jani la chai lilikuwa la kijivu. Alingoja. Mtandao ulikuwa mzito mchana huo, pengine Karani amechelewa. Akahesabu pumzi zake. Jani likabaki kijivu.

"Toka kwa hiyo kiti, Celestine."

"Dada, niko katikati."

"Karani hajautambua huu ukurasa. Toka."

Celestine akamgeukia, na macho yake yalikuwa yameanza kulowa. Akasema kwamba Karani ni kakitu ka Bravin tu, kamezeeka, na kwamba kuna mtu hapa anataka asiende shule. Hilo lilimwingia Nyanchoka mahali pabaya. Alinakili anwani ile kwa kalamu, herufi moja moja, akaenda kuiandika kwenye namba tatu. Skrini nzima ikageuka nyekundu. Ukurasa huu ni wa udanganyifu, ilisema brauza mpya, umewekwa kuiba maneno ya siri ya watu. Ile ya zamani ilikuwa imewafungulia mlango na kunyamaza.

Osoro alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo. Nyanchoka akampigia Bravin. Hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Bravin naye alikuwa Msabato, na Ijumaa alikuwa na mazoea ya kuzima simu mapema kama anayeogopa kuisahau. Lakini ubavuni mwa mashine alikuwa amebandika namba ya mama yake, Bochaberi, kwa siku ya shida. Mama huyo alipokea kwa salamu ndefu, akauliza habari za watu wote, akasema mbuya mono, vizuri sana, kwa kila jibu, halafu akaeleza kwamba Bravin yuko mtoni anachota maji ya Sabato na hawezi kuitwa kwa mambo ya mashine saa hizi. Nyanchoka akamweleza pole pole: si mashine, ni mtoto wa shule. Kisha akasikia mama anapaza sauti kuelekea bondeni.

Dakika ishirini alikaa ameshika simu sikioni, akiogopa kuikata. Dirishani kivuli cha ukuta wa jirani kilikuwa kimeshafika kwenye mguu wa meza.

Bravin alipokuja kwenye simu alikuwa anatweta. Alisikiliza yote.

"Usisasishe bado," akasema. "Ukisasisha sasa, hilo neno linabaki ndani na siwezi kulitoa kabla ya Jumapili."

"Nilitoe vipi?"

"Kuna kitufe. Nilikificha makusudi, kwa sababu hakitoi neno moja. Kinamwaga yote. Ya watu wote, kwa faili moja, wazi, kama karatasi sokoni. Uko na watu hapo?"

Nyanchoka alimwangalia Osoro, akawaangalia wasichana wawili waliokuwa wameingia kuulizia picha za pasipoti.

"Niko nao."

"Watoe kwanza. Ukimaliza futa, na ukafute tena kwa pipa la taka la mashine. Nyanchoka, hilo faili likibaki hata usiku mmoja, mtu akilipata, hao watu wote wamekwisha. Na mimi."

Wasichana walitoka upesi, lakini kumtoa Mwalimu Osoro nje ya pazia kulikuwa kugumu kuliko kumpata Bravin. Mzee alisema amefundisha watoto wa mji huu miaka thelathini na hajawahi kuambiwa atoke darasani. Nyanchoka akaomba msamaha, akaomba tena, akasimama tu mbele yake bila kusogea. Mwishowe Dahabo, aliyekuwa amesikia yote kutoka mbele, akamwita mzee aje amchagulie thamosi isiyovuja, naye mzee akaenda akinung'unika.

Nyanchoka alibonyeza pale Bravin alipomwelekeza. Faili likafunguka, majina sitini na zaidi. Kila mtu aliyemjua alikuwa pale, uchi. Wakulima wa Nyacheki ndio waliomtisha zaidi: ishirini na watatu, mmoja baada ya mwingine, wenye neno moja. Aliikumbuka siku hiyo. Walikuja pamoja kutoka kituo chao cha majani chai, wakamwambia wameshakubaliana kikaoni wote watumie jina la kituo, ili mtu akisahau amuulize jirani. Yeye aliwaandikia na kuona ni busara. Yule mwenye ukurasa wa uongo akimpata mmoja, amewapata wote. Na Mwalimu Osoro, na umri wake wote, neno lake lilikuwa jina lake mwenyewe na moja mbili tatu.

Alinakili la Celestine kwenye kipande cha daftari. Kisha akaachia karatasi moja itoke kwenye printa, majina yote na maneno yao, ili wenyewe waweze kuingia Karani akizimwa, akaisimamia mpaka ikatoka yote. Akafuta faili. Akafuta na pipani. Akatafuta tena jina la faili, kuhakikisha, mara tatu.

"Mama Uzair," akasema, akiwa ameikunja karatasi ile mara nne. "Hii naomba ikae kwa sanduku lako la kufuli mpaka Jumapili. Asiione mtu."

Dahabo aliipokea, akaitumbukiza kifuani kwanza.

"Itakaa. Hata mimi nikichungulia, nitaona nini? Mwaka wa ishirini nauza leso zenye maandishi na sijui zinasema nini."

Saa kumi na mbili na robo. Kwenye namba tatu Nyanchoka alimwomba Celestine asome, yeye akabonyeza. Herufi, namba, herufi. Walipofika ya kumi na sita hakubonyeza kuingia. Alirudi mwanzo, akahesabu vidoti kwa ncha ya kalamu. Jaribio lilikuwa moja. Celestine alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Akabonyeza. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, ukafunguka na jina la mdogo wake juu, na kitufe cha kuthibitisha chini. Celestine akakibonyeza mwenyewe.

Celestine alilaza kichwa mezani. Nyanchoka akarudi namba mbili, akaitazama ile alama nyekundu, na kwa mara ya kwanza kwa miezi minane akabonyeza Sasisha. Mstari ukatambaa, brauza ikajifunga, ikajifungua, na ujumbe mdogo ukamwarifu kwamba nyongeza moja imezimwa kwa sababu haiendani na toleo hili. Lile jani halikuwapo tena. Alijisikia kama amezima taa iliyokuwa inamsubiri.

Walikuwa karibu na kwao, jua likigusa vilima, Celestine aliposema jambo alilokuwa amelibeba njia nzima. Kwenye ule ukurasa wa Mwalimu Osoro alikuwa ameshaandika kitambulisho chake na namba ya mama. Alikuwa ameshazituma.

"Na neno la siri?"

"Ningewapa lipi? Sikuwa nalijua."

Waliingia nyumbani, simu zikazimwa, na Sabato nzima Nyanchoka alikaa kanisani akisikia simu ya mama imelala kimya ndani ya mkoba kama yai. Jumamosi jua lilipozama mama aliiwasha, na ujumbe ukaingia kabla hajaiweka chini. Mtu aliyejiita ofisi ya chuo aliomba neno la siri la binti, haraka, ili nafasi yake isipotee. Nyanchoka aliusoma mara mbili, akamwambia mama asiujibu na asipokee namba hiyo. Mama akauliza kama ni watu wabaya. Akasema ndiyo, na kwamba wanayo namba ya kitambulisho cha Celestine, lakini hawana pa kuingilia.

Jumapili saiba ilijaa. Alikuwa amewatumia salamu Nyacheki, wakaja wengi, wengine na nguo za misa, kila mmoja abadilishe neno lake. Walilalamika. Mmoja aliuliza kama akisahau atamuuliza nani sasa. Dahabo alikuwa ameileta karatasi, na kila anayemaliza, Nyanchoka alikata mstari wake kwa kalamu nyeusi mpaka usisomeke.

Celestine ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikaa namba mbili, akafikiri, akaanza kuandika la kwake. Kwa mazoea Nyanchoka alikuwa amesimama nyuma yake, mahali pale alipojifunzia kila kitu, macho kwenye vidole. Akajikumbuka. Akageuza uso, akaangalia ukutani, akangoja asikie kibodi kimenyamaza.