Kidole Kisicho na Kadi

Kila mwaka theluji ilipoanza kulainika, mwalimu Ardis Tollefson aliiba kitu shuleni. Aliiba kwa ruhusa ya mkuu wa shule, Jumapili mchana, korido zikiwa tupu. Jumatatu aliwakabidhi wanafunzi wake wa somo la uchunguzi wa jinai, mwaka wa mwisho, chumba kilichozungushiwa utepe wa njano, akawapa wiki tatu wamtafute mwizi. Mwizi wa kuigiza alikuwa mmoja wa wafanyakazi sita waliokubali kuchovya vidole vyao kwenye wino: mpishi, katibu, mkutubi, kocha wa mpira wa magongo, fundi wa mitambo ya joto na dereva wa gari la kusukuma theluji. Kadi sita, vidole sitini, na mkosaji yumo humo humo.

Zamani haukuwa wizi. Zamani kulikuwa na maiti, sanamu lililoshindiliwa matambara na kuvalishwa koti kuukuu, likalazwa stoo ya michezo na sosi ya nyanya kifuani. Miaka mitatu iliyopita maiti yule aliondoka bila maelezo, na hakuna mzazi aliyeuliza. Mji mzima ulijua. Machi ya mwaka ule barafu ya ziwa ilimmeza Nels, mtoto wa pekee wa Ardis, mwenye miaka kumi na saba, akikatiza kwa pikipiki ya theluji kuelekea ng'ambo. Walimtoa siku ya pili. Tangu hapo likawa linaibiwa kombe.

Ardis alikuwa na sheria moja asiyoivunja. Kila kitu kinachopelekwa chumba cha tukio hufutwa kwanza kwa spiriti, mara tatu, ndipo mkosaji aliyeteuliwa akishike. "Kielelezo kilichoingia na uchafu wa kwao," aliwaambia wanafunzi, "ni shahidi aliyelewa. Kitasema mengi, na hayatakusaidia."

Mwaka huu, pembeni ya kabati tupu la kombe, aliacha glavu moja, makombo ya biskuti, na chupa ya kahawa ya kijani aliyoitoa kwenye rafu ya banda la gari nyumbani. Ilikuwa ya mumewe, Verlyn, ndivyo alivyojua. Aliifuta nje mara tatu, akampa mpishi aishike tumboni na shingoni. Hakukumbuka kufungua kile kikombe kinachofunika mdomo wa chupa na kukifuta kwa ndani.

Aliyekifungua alikuwa Renae Beaulieu.

Renae alikuwa msichana wa maneno machache, aliyelelewa na bibi yake ng'ambo ya reli, na aliyekuwa amekwisha kuamua kwamba kazi hii ya kusoma alama ndiyo atakayoifanya maishani. Wenzake walifanya mradi wapate alama. Yeye aliufanya kama mtu anayetafuta ndugu aliyepotea. Ndani ya kikombe, karibu na ukingo, alikuta kidole gumba kilichochorwa kwa mafuta ya injini yaliyokauka, wazi kama muhuri. Akakipiga picha, akakinyunyizia unga mweusi kukiimarisha, akakibandua kwa utepe wa gundi na kukilaza kwenye kadi nyeupe. Kisha akaketi na lenzi siku nne, akikilinganisha na vile vidole sitini kimoja kimoja.

Hakikuwa cha yeyote.

Tucker Lindquist, mwenzake wa meza, kijana asiyeweza kuona ukimya bila kuutia kidole jichoni, alimwambia hiyo lenzi itaota mizizi. "Mwandike mpishi, mwenzangu, twende zetu kula. Chupa nzima imejaa vidole vyake. Au unataka jini ndiye aliyeiba kombe?"

"Jini hana mafuta ya injini mkononi," Renae alijibu bila kuinua kichwa. "Mpishi naye hana."

Ndipo akamwita mwalimu.

Ardis aliinama juu ya lenzi kama alivyoinama mara elfu. Aliona mistari iliyojikunja kama kitanzi, akaanza kufungua kinywa kusema neno la kawaida la kumtia moyo mwanafunzi. Halafu akaona kovu. Lilikata mistari kutoka kushoto juu hadi kulia chini, jembamba, na mwishoni limepinda kama ndoano. Jeraha lake alilifunga kwa mikono yake mwenyewe, kwenye sinki la jikoni, siku mtoto wa miaka tisa aliponyakua kisu cha kupasulia samaki ili amwonyeshe baba yake kwamba anaweza.

Alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama kidole kimoja.

"Ni cha muuza duka aliyeniuzia chupa," alisema aliponyanyuka. "Kosa langu, sikufuta ndani. Andika uchafu wa nje, uendelee."

Renae alimtazama. Aliuliza muuza duka angeacha mafuta ya injini kwa nini. Ardis akarudia: aandike uchafu wa nje. Hata Tucker aliinua kichwa, kwa sababu mwalimu wao hakuwa na desturi ya kutoa wala kupokea jibu bila swali la umelijuaje.

Jioni ile Verlyn alikuwa amekwisha kuoka bakuli lao la viazi na nyama ya kusaga. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, na kwa miaka mitatu nyumba yao ilikuwa imejaa mazungumzo ya hali ya hewa. Jina moja tu halikutajwa. Ardis hakulitaja kwa sababu kila alipolitaja mumewe aliinuka kwenda kukagua gari. Verlyn hakulitaja kwa sababu mara ya mwisho alipolitaja, Ardis alimwuliza ni nani aliyemwambia mtoto kwamba barafu bado ina unene wa kutosha. Aliuliza mara moja tu. Neno likitoka halina mlango wa kurudia.

Ardis alipita moja kwa moja hadi banda la gari. Kwenye rafu, nyuma ya makopo ya rangi, ilikuwapo chupa nyingine ya kijani. Zilikuwa mbili siku zote, zilinunuliwa pamoja kwa ajili ya kuvua samaki kwenye matundu ya barafu, baba na yake, mwana na yake. Iliyobaki ilikuwa na doa la rangi nyekundu kitakoni: ya Verlyn.

"Nilipoona pengo pale juu," Verlyn alisema mlangoni, kitambaa cha jikoni begani, "nilidhani umeamua kuanza kuvitoa vitu vyake."

"Nilidhani ni yako."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema chakula kinapoa.

Alfajiri ya kesho yake Ardis alifika shuleni kabla ya basi la kwanza, akafungua kabati la vielelezo. Ufunguo ulikuwa wake. Alikitaka kikombe, basi, akirudishe rafuni kama kilivyokuwa. Lakini alipokigeuza kwenye mwanga wa dirisha, ndani yake hamkuwa na kitu. Renae alikuwa amebandua vizuri mno, kama alivyofundishwa. Mafuta, unga na mistari vyote vilikuwa vimeondoka na utepe. Chupa ile ilikuwa imemhifadhi Nels miaka mitatu gizani, na mwanafunzi bora kuliko wote aliowahi kumfundisha alikuwa amemaliza kazi hiyo kwa pumzi moja.

Kadi ilikuwa kwenye bahasha, na bahasha imefungwa kwa lakiri ya karatasi iliyotiwa saini: R. Beaulieu, tarehe, saa na dakika. Nani angejua? Bahasha hupotea. Ardis alipitisha ukucha chini ya lakiri, ikaanza kunyanyuka pembeni. Kwenye ukuta mbele yake kulikuwa na bango aliloliandika mwenyewe kwa herufi kubwa: ANAYEGUSA, ATIE SAINI. Alikaa na bahasha ile mapajani hadi aliposikia basi, kisha akaibonyeza lakiri irudi mahali pake, akafunga kabati.

Ijumaa ya mwisho ilikuwa siku ya baraza. Maktaba ilipangwa kama mahakama, wazazi wakaja na sahani zao za biskuti na birika kubwa la kahawa hafifu, na jaji mstaafu Halvor Ness, ambaye kila mwaka alikubali kusinzia kwa ajili ya elimu, akaketi nyuma ya meza ya mkutubi. Kundi la kwanza lilimshtaki mpishi kwa vidole tisa na makombo ya biskuti, na mpishi akapunga mkono watu wakacheka. Mambo yalikuwa yamekwisha.

Renae akasimama na karatasi yake ya maswali. Alisema mpishi alishika chupa, hilo hapingi. Lakini kuna mtu wa saba aliyeinywea, na mtu huyo hana kadi. Na mahakama haiwezi kumtia mtu hatiani kwa chupa ambayo haijui ilikotoka. Alisema sheria za darasa zinamruhusu kumwita yeyote aliyegusa kielelezo. Akamwita Bi. Tollefson.

Ardis aliapa kwa mkono juu, kama mchezo unavyotaka. Alimwona Verlyn karibu na birika, amekuja kwa sababu kila mwaka ndiye anayebeba viti.

"Chupa hii, kabla ya kuletwa chumbani, ilikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu. Bandani."

"Uliniambia alama ya ndani ni ya muuza duka. Ulilinganisha na kadi yake?"

"Hapana."

"Basi ulijuaje?"

Hilo lilikuwa swali lake mwenyewe. Miaka ishirini na tisa alikuwa amewachapa nalo watoto wa mji ule, na wengi wao sasa walikuwa wameketi mle kama wazazi, vikombe vya karatasi mikononi. Angeweza kusema ni ya mumewe. Verlyn asingemkana, angekubali hata kuchovya gumba lake kwenye wino, ingawa hapo uongo ungeumbuka. Ardis alitazama kadi ndogo nyeupe kwenye meza ya Renae.

"Sikujua," alisema. "Nilidanganya. Chupa ni ya Nels. Kidole ni chake, gumba la kulia. Nimelitambua kwa kovu."

Vikombe vya karatasi vikashushwa mezani. Nusu ya watu wale walikuwa wamesimama ufukweni siku ile na kamba na ngazi.

Renae alitazama karatasi yake. Kutoka alipoketi, Ardis aliweza kusoma swali lililofuata, limeandikwa kwa mwandiko safi na kupigiwa mstari: Mtu huyo yuko wapi sasa, na kwa nini hajaletwa hapa? Msichana alikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni.

"Sina swali lingine, Mheshimiwa."

Jaji hakuwa amesinzia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kielelezo kimeharibika, mashtaka yamefutwa, na watu wanywe kahawa. Verlyn alikuwa ameanza kukunja viti visivyohitaji kukunjwa, halafu akatoka nje na viwili mkononi.

Baada ya baraza, desturi ni kwamba vielelezo vyote vitupwe, mwaka ujao uanze safi. Tucker alizungusha pipa. Alipofika meza yao hakutania. Aliliweka pipa mbali kidogo na kadi, akaendelea. Renae akaileta kwa mwalimu pamoja na fomu ya kukabidhiana.

"Sijakitupa," alisema. "Samahani, Mwalimu. Kule ndani sikuacha hata kidogo."

"Ulifanya sawasawa."

"Najua. Ndiyo maana naomba radhi."

Wakatia saini wote wawili, mtoaji na mpokeaji, saa na dakika. Kwenye safu ya sababu Ardis aliandika: kurudishwa kwa wenyewe. Kwenye kadi kulikuwa na nafasi ya jina, Renae hakuijaza; akampa kalamu. Ardis akaandika Nels Verlyn Tollefson. Gumba, kulia. Chini yake kulikuwa na tarehe ya alama, na hapo kalamu ikasimama.

"Usiache safu wazi," Renae alisema taratibu, kana kwamba anamkumbusha mdogo wake.

"Siijui," Ardis alisema. "Yuko anayeijua."

Verlyn alikuwa amekaa ndani ya gari, injini imezimwa, viti viwili vya maktaba bado viko nyuma. Ardis aliingia upande wa pili, akaiweka kadi kwenye dashibodi kati yao. Mumewe aliitazama bila kuigusa. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na gari jingine la kwenda kukagua.

"Chupa yake," Ardis alisema, "aliitumia lini mara ya mwisho?"

Verlyn alifuta kioo kilichoanza kuingia ukungu.

"Jumapili. Siku mbili kabla. Keekee ya kutobolea barafu ilikwama, akaifungua yote, mikono ikawa mafuta matupu." Akameza mate. "Haikuwa kahawa, Ardis. Hakuipenda kahawa. Nilikuwa namtilia kakao, akaniapisha nisiwaambie rafiki zake."

Ardis hakuwa amejua. Aliichukua kadi, akaiegemeza gotini, akaandika tarehe ya Jumapili ile. Kisha akamwambia aendelee kusimulia.