Maji ya Mbeke Yaenda Kajiado

Mbeke alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya chumba chake, mtaa wa Noonkopir, akichagua mawe kwenye ndengu. Ilikuwa Jumatatu ya Septemba, jua kali, na vumbi la Kitengela lilikuwa limeshaingia katika chai ya kila mtu. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, na ndani ya chumba maji yalikuwa yamesimama hadi kifuani pa mtu mzima. Hayakumwagika. Yaliishia kizingitini, wima, kama ugali uliopinduliwa kwenye sinia.

Yalikuwa maji ya mafuriko ya Aprili. Baada ya mvua kukatika, kila nyumba ilitoa yake kwa ndoo na fagio, lakini ya kwa Mbeke yalikataa kutoka. Fundi aliletwa akatoboa ukuta kwa patasi. Maji yakabaki ndani, yakilitazama lile tundu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikuwa na miezi, na jembe lenyewe lilikuwa limezama chini ya kitanda. Majirani walizoea. Waliokosa maji ya mfereji walikuja kuchota kidogo ya kufulia, wakasema asante, na hayakupungua.

Katikati ya maji zilielea gambuti mbili za mpira za Munguti, mumewe Mbeke. Siku ya mafuriko Munguti alikuwa ndani na mjukuu wao mchanga. Alimpitisha mtoto dirishani, akampokeza Ndanu, binti yao, aliyekuwa amepanda ukuta wa nje. Kisha mlango ukakataa kufunguka, na dirisha lile lilikuwa la kupitisha mtoto, si mtu mzima.

Sababu ya mafuriko haikuwa siri. Mtaro wa zamani uliokuwa ukipeleka maji mtoni ulikuwa umejengewa jengo la ghorofa, na jengo lilikuwa la mheshimiwa, mwakilishi wa wadi. Maji hufuata mkondo, na mkondo ulipokuta sebule ya mpangaji wa mheshimiwa, uligeuka kwa adabu ukaingia kwa wasio na mheshimiwa.

Basi wakazi wakaunda kamati. Mwenyekiti akawa Kaloki, mzee wa kanisa mwenye sauti nzito iliyofanya hata matangazo ya harusi yasikike kama ufunuo. Msemaji akawa Rebecca Katoo, muuza maziwa, ambaye ng'ombe wa baba mkwe wake walikunywa kwenye mkondo ule kabla ya Noonkopir kukatwa ploti. Mbeke hakupewa cheo, lakini yeye ndiye aliyekuwa na neno. Neno lilikuwa moja: mtaro ufunguliwe kabla ya mvua za Novemba. Ndanu na mtoto walilala chumba cha pili, ambamo Mbeke naye alijibanza, na Mbeke hakuwa na mume mwingine wa kupitisha mtoto dirishani.

Walipeleka neno hilo Idara ya Mitaro na Majanga, ambayo ofisi zake ziko Kajiado mjini. Jumatatu ile Idara ikajibu kwamba Noonkopir hapakuwa na mafuriko. Palikuwa na mvua iliyochelewa kuondoka. Kama wakazi wana ushahidi wa kinyume, waulete, kwa kuwa gari la idara halina mafuta.

"Si tuwapelekee," Rebecca akasema jioni ile, akiwa amesimama mbele ya mlango wa Mbeke na mtungi wake mtupu. "Ushahidi iko hapa kwa nyumba."

"Na utabeba aje maji yote hiyo, Mama Katoo?" Kaloki akauliza.

"Nani amesema tunabeba? Hii maji haijaitwa tu. Ng'ombe ikikaa kwa boma na mlango iko wazi, huwezi isukuma. Unaiita."

Asubuhi yake Rebecca alisimama kizingitini, akayasalimu maji kwa Kimaasai, "Supa," akangoja kidogo kama inavyompasa mtu mwenye adabu, kisha akapiga mbinja ile ya kutolea ng'ombe malishoni. Maji yakatikisika. Yakatoka taratibu, yakiwa na umbo lote la chumba: pembe nne, alama ya dirisha ubavuni, na gambuti kifuani. Kitanda na jembe viliachwa nyuma, vimelowa. Mbeke alichungulia chumba chake kitupu na moyo ukamuuma zaidi kuliko kilipokuwa kimejaa.

Walishika barabara ya Namanga. Rebecca mbele, kamati ubavuni, maji nyuma, yakifuata kushoto. Malori yalipiga honi, si kwa mshangao, bali kwa sababu maji yalikuwa mapana na wenye malori walikuwa na haraka. Kwenye kizuizi askari wa trafiki aliyazunguka akitafuta mahali pa kubandika bima, hakupaona, akayaruhusu yapite lakini akayaonya yasirudie. Isinya walilala kwa kaka yake Rebecca. Maji yalilala bomani, na mbuzi wakayaegemea kwa sababu yalikuwa yametunza joto la mchana.

Kwenye geti la Idara mlinzi alisema kila mgeni aache kitambulisho. Yakazuka mazungumzo marefu. Mwishowe Rebecca aliacha chake kwa niaba yake mwenyewe, na Kaloki akaacha chake kwa niaba ya maji.

Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa kikao cha kukusanya maoni ya wananchi, viti vimevishwa vitambaa vyeupe na riboni. Mkurugenzi wa idara, Bi Elsie, mwanamke mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliyaangalia maji yakiingia kwa kukunja pembe moja ili yapite mlangoni.

"Maji yana haki ya kushiriki kama mwananchi yeyote," alisema. "Mradi tu yaketi."

Maji yakaketi. Yalichukua safu tatu za viti, na yalipojiweka sawa, ukingo wake ukafika meza kuu. Viongozi waliinua miguu wakaiweka kwenye vyuma vya viti, mheshimiwa akiwa wa kwanza, maana viatu vyake vilikuwa vya ngozi ya mamba. Akashika maikrofoni akatoa pole. Alisema msiba ni wa wote. Alisema maji yakishamwagika hayazoleki. Kamati yote ikageuka kuyaangalia maji, ambayo yalikuwa yamezoleka, yamesafiri, na sasa yalikuwa yamekaa karibu na mpiga picha.

Bi Elsie akainama mbele. "Na hizo gambuti ni za nani?"

"Za bwanangu," Mbeke akasema.

Bi Elsie akavaa miwani, akaivua. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo jambo la kuudhi kuhusu ofisi zetu: mara nyingi zimejaa watu wema.

"Mama, simama tukusikie," alisema.

Mbeke akasimama. Neno alikuwa nalo mdomoni tangu Kitengela, amelipanga vizuri, amelitoa matusi njiani akabakiza ukweli. Alikuwa ameshafungua kinywa wakati mheshimiwa aliponyoosha mkono.

"Mkurugenzi, sisi ni watu wa Mungu. Kabla mama hajaongea, naomba tumkumbuke marehemu kwa maombi. Na tukiwa na mzee wa kanisa hapa, mzee Kaloki, tafadhali."

Hakuna mtu wa kwetu anayekataa maombi, na hakuna mzee wa kanisa anayekataa maikrofoni. Kaloki akasimama, akavua kofia. Aliomba vizuri. Alimwombea Munguti, akamwombea mjane, akamwombea mjukuu aliyepitishwa dirishani, na watu wakalia kwa haki. Mbeke naye alilia. Lakini Kaloki alikuwa ameombea mazishi, harusi na mikutano ya maji maisha yake yote, na ombi lake lilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Alipoufikia, sauti ikashuka yenyewe.

"Na sasa tushiriki neema pamoja," akasema.

Wote wakaisema ile neema ya kufungia kila mkutano. Bi Elsie aliisema, mheshimiwa aliisema kuliko wote, Rebecca aliisema. Mbeke mwenyewe alijikuta akiisema, akimwangalia jirani yake machoni kama desturi ilivyo, mpaka kwenye amina. Maji nayo yalikuwa yamekaa miezi mingi katika chumba ambacho, kabla ya Aprili, kila siku kilifungwa kwa neema hiyo, na kuta zilikuwa zimeyafundisha. Yaliposikia amina, yakainuka yakaanza kuelekea mlangoni.

Viti vikasukumwa. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, zikaingia chapati, nyama na soda.

"Lakini sijaongea," Mbeke akasema.

Bi Elsie akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa joto. "Mama, neema imeshasemwa."

"Ndiyo, lakini niko na neno."

"Najua, mama. Lakini sasa mimi nitafungua kikao kilichofungwa na Mungu?"

Mbeke akamtafuta Kaloki kwa macho. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, kofia mikononi, akigundua alichofanya. Kwa muda huo Mbeke alimchukia kuliko alivyomchukia mheshimiwa, kwa sababu mheshimiwa alikuwa amefanya kazi yake. Rebecca peke yake alikataa soda. Wengine walikunywa, kwa kuwa walikuwa wametembea kutoka Kitengela na kiu haina kamati.

Redio ikatangaza kwamba maoni ya wananchi wa Noonkopir yamepokelewa na hakuna aliyepinga. Idara pia ilitambua kwamba maji yalikuwa yamekuja Kajiado kwa hiari yake, mahali ambapo watu hulia kiu. Wakayafungia geti yasitoke, wakayajengea tangi karibu na soko, wakaliandika kwa rangi ya buluu: Mradi wa Maji wa Munguti. Mheshimiwa akakata riboni. Mfereji ulipofunguliwa haukutoa kitu, ndipo wakakumbuka kwamba maji haya huitwa. Walimtumia Rebecca gari, safari hii lenye mafuta.

"Mwambie mheshimiwa," Rebecca akamjibu dereva, "mimi naitanga ng'ombe ikirudi nyumbani. Siiti ikienda kwa mwizi."

Wakamwajiri kijana wa kupiga mbinja, mpwa wa mheshimiwa, ambaye alikuwa bado anajifunza.

Mbeke alirudi chumbani mwake. Alianika godoro, akafuta kuta, na ile alama ya udongo kifuani pa ukuta haikufutika. Novemba ilipoingia, Ndanu alihamia kwake na mtoto, kwa kuwa chumba cha Mbeke kilikuwa na kabati refu. Walimlalisha mtoto juu ya kabati, wakamzungushia mito. Kaloki alikuja akasimama mlangoni bila kuketi, akasema, "Nisamehe, Mama Ndanu, ni mdomo tu." Mbeke alimpa chai. Hakumwambia kwamba amemsamehe, kwa sababu hakuwa amemsamehe.

Alasiri moja mawingu yalitanda juu ya kilima cha Lukenya, meusi, yakaanza kushuka.

"Mwaitu," Ndanu akamwita mama yake kutoka nje. "Kuja uone."

Barabarani, upande wa kushoto, maji yalikuwa yanarudi peke yake. Hakuna aliyeyaita. Yalipita mbele ya jengo la mheshimiwa, yakasimama kidogo pale mtaro ulipokuwa, yakaligusa jiwe la msingi, kisha yakageuka kama Aprili. Yalifika mlangoni kwa Mbeke yakasubiri kizingitini, gambuti kifuani, kama mtu anayeogopa kuchafua sakafu.

Mbeke alinyoosha mkono, akazitoa zile gambuti, akazimwaga, akazipanga juu ya kabati miguuni pa mtoto. Akasogeza kigoda ili kupatikane nafasi.

"Ingia," akasema.

Maji yakaingia, yakaketi mahali pake pa zamani. Mbeke akasimama ndani yake, yamemfika kifuani, akayaambia neno lote alilokuwa amelipeleka Kajiado: kwamba mtaro ufunguliwe, kwamba mume hana mwingine, kwamba hapa juu ya kabati kuna mtoto. "Wenzako wako njiani," akamalizia. "Ni nyinyi tu mnasikianga. Waambie wapite pole pole."

Maji yalimsikiliza hadi mwisho, na hakuna aliyemkatiza kwa maombi. Kisha mvua ikaanza kugonga bati.