Noti Kumi na Moja Nilizozisahihisha

Mwaka 1956 nilikuwa fundi cherehani hapa Mbugangari, mjini Gisenyi, na jioni nilisoma darasa la watu wazima kwa Mwalimu Sebahire. Mwalimu alikuwa mtunzi wa muziki. Hakutunga nyimbo za arusi, bali kazi ndefu za kwaya, sauti nane, kila sauti na njia yake. Macho yake yalikuwa yamechoka. Alipoona mwandiko wangu, alinifundisha noti za muziki, akanikabidhi kazi ya kunakili karatasi za waimbaji. Mafundi wengine wa Gisenyi waliishia kwenye vifungo.

Kazi yake mpya, iliyohusu wavuvi wa ziwa, ilikuwa iimbwe Jumapili katika ukumbi wa shule. Nilipoinakili niliona mahali kumi na moja ambapo mi na fa, noti mbili zinazopakana, zimewekwa ziimbwe pamoja. Nilizijaribu na mke wangu, Nyirasafari, yeye fa, mimi mi. Zilituumiza masikio. Nikasema haya ni macho ya Mwalimu. Nikasahihisha zote kwa kuibadilisha ile fa, na nikafurahi kwamba nimemwokoa na aibu.

Alhamisi mchana, mazoezini, Mwalimu alisimamisha kwaya.

"Épiphanie, unaimba nini hapo?"

"Naimba yenye iliandikwa, Mwalimu."

"Mara ya tatu sasa! Kama huwezi, Jumapili Donatille atashika nafasi yako."

Épiphanie akainamisha kichwa, machozi yakimlenga. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Nilijua nikisema nitanyang'anywa kazi niliyojivunia kuliko cherehani. Nikasimama.

"Mwalimu, ni mimi. Nilisahihisha."

"Ulisahihisha?"

Donatille akapiga makofi. "Mi nilijua! Huyu fundi, hata kanzu ya padri atapunguza kiunoni!"

Wote wakacheka isipokuwa Mwalimu. Alimwomba Épiphanie radhi mbele ya watu, kisha akanigeukia. "Kesho asubuhi, ufukweni Rubona."

Nilikwenda nikijua nafukuzwa. Tulisimama ufukweni. Mitumbwi miwili ilikuwa ikirudi, kila mmoja na wimbo wake, mmoja ukiimba juu kidogo tu ya mwingine. Hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake. Ilipokaribiana, sauti zilitetemeka juu ya maji hadi nikazisikia kifuani.

"Abdu, iko kosa hapo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Bon, vizuri. Rudi ukaandike."

Nilikwangua wino kwa wembe, karatasi baada ya karatasi, nikarudisha noti zote kumi na moja. Jumapili Épiphanie alishikilia fa yake bila kuyumba. Wavuvi waliokaa mbele waligeukiana, mmoja akasema kwa sauti, "Ni sisi hao!"

Tangu siku hiyo, kila aliponiletea kazi mpya, Mwalimu aliweka kidole kwenye ukurasa. "Hapa masikio yatakuuma. Andika hivyohivyo." Niliandika. Angeweza kunifukuza, na hakuna ambaye angemlaumu. Namshukuru mpaka leo.