Mchumaji Anapokuwa Mkaguzi

Mwaka 1974 Ongeri alirudi kutoka Oslo na shahada ya hesabu, akapewa meza katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Roret. Kompyuta haikuwepo. Aliandika programu yake kwa penseli, katika Simula, lugha ya kompyuta aliyojifunza Oslo, aonyeshe kwa nini majani yaliharibika kwenye vituo vya kuyapokea kutoka kwa wakulima. Profesa wake kule Oslo aliahidi kuiendesha kwenye kompyuta ya chuo mara moja tu kabla ya kustaafu, kwa hiyo ilibidi iingie posta Ijumaa. Bila matokeo, meneja alisema, meza ingepewa mtu mwingine.

Hakuwa na wa kuzungumza naye kuhusu kazi hiyo. Makarani walipoona anachora visanduku walimwita fundi wa kabati.

Jumatano akaupeleka mchoro kituoni, aulinganishe na kazi yenyewe. Kisanduku cha juu kiliitwa Mtu, chini yake Mchumaji, Mkaguzi, Dereva, kila kimoja kikirithi yote ya Mtu. Chepkemboi, mkulima wa makamo, aliinama akauliza yeye yuko wapi. Ongeri akamwonyesha Mchumaji, akaeleza kwamba anayezaliwa humo hubaki humo.

"Asubuhi, sawa," akasema. "Lakini mchana kamati inaniweka kukagua majani ya wenzangu. Hapo nifanyeje, mwalimu? Nife kwanza?"

Wanawake kwenye foleni wakacheka. Ongeri hakuweza. Katika Simula, kilichozaliwa Mchumaji hakigeuki kuwa Mkaguzi. Ingebidi kifutwe, kiumbwe kingine, na kapu la asubuhi lipotee nacho. Tena mchoro wake ulikuwa na mkaguzi anayekaa kituoni kutwa nzima. Huyu wa kweli huanza siku shambani, na majani ya wenzake yakimngoja juani.

"Basi mtu asirithi kazi, mama," akasema polepole. "Awe nayo tu. Aishike, aiache, ashike nyingine."

"Si ndivyo tunavyoishi?" Chepkemboi akajibu, akarudi kwenye majani.

Kurasa arobaini zilitaka kuandikwa upya. Zile za zamani zingekubaliwa na kompyuta, zitoe majibu safi ya uongo. Aliziweka kando. Alhamisi kutwa hadi usiku, makarani wameshaondoka, aliandika peke yake, na mara mbili aliinua kichwa kumwambia mtu jinsi ilivyokuwa ikikaa vizuri, akakuta viti vitupu.

Ijumaa saa kumi bahasha iliingia posta, kurasa za mwisho hazijakaguliwa. Akapita kituoni amweleze Chepkemboi. Alikuwa bado anachuma, foleni ilimngoja. Ongeri akasimama mwisho wa foleni, mikono mitupu, akangoja pamoja nao.