Banda la Nusu

Kila asubuhi, kabla ya kuingia Banda la Nusu, mlishaji alisimama mbele ya Daktari na kumpumulia usoni. Daktari alifumba macho, akanusa, akamruhusu kupita. Mbuzi wa banda lile walilishwa nusu ya kipimo, na hawakutakiwa kunusa shibe ya mtu. Wakiinusa watapata tamaa, tamaa itavuruga damu, na utafiti wote utakwenda na maji. Kwa hiyo aliyewalisha naye alikula nusu. Kantini walimjua. Mpishi alijaza upawa, kisha akarudisha nusu yake sufuriani mbele ya macho yake.

Mbuzi wote walikuwa na mimba. Mlishaji pia.

"Mwili una akili, dada," Daktari alimweleza siku ya kwanza, akimpapasa mbuzi kooni. "Hapa pana tezi. Inatoa homoni zinazochochea moto wa mwili. Chakula kikipungua, tezi nayo inapunguza moto, ili hicho kidogo kidumu."

Moto ulipungua kweli. Kwanza mbuzi walipoa masikio. Kisha banda zima likapoa, hata jua la mchana likiwaka nje, humo ndani mtu alitoa mvuke mdomoni. Halafu mambo yakaanza kwenda taratibu. Ndoo ikimponyoka mlishaji, alipata nafasi ya kuinama na kuidaka kabla haijafika chini. Mbuzi aliyeanza kulia asubuhi alimaliza mlio wake jioni. Siku zao za kuzaa zikafika, zikapita, asizae hata mmoja. Daktari akanunua koti zito, akaendelea kupima damu.

Mlishaji hakuona ajabu. Hofu ilimwingia siku zake mwenyewe zilipopita.

Mama mkwe wake alikuwa mkunga. Alimlaza kitandani, akamwekea tumboni kile chombo chake cha mbao, akatega sikio. Moyo wa mtoto ukapiga pigo moja. Mama mkwe akanyoosha mgongo, akamimina chai, akainywa yote, akarudi kusikiliza. Ukapiga la pili.

"Mama, yu hai?"

"Yu hai. Kamrithi babake tu. Hata harusini tulimngoja mpaka chakula kikapoa." Alisema hivyo, kisha akatega sikio tena. "Mwanangu, huyu kashusha moto. Anangoja wewe ule kwanza. Na moto unaoshushwa kila siku, ipo siku unazimika."

Jioni ile akampakulia sahani iliyojaa, akakaa mlangoni mpaka ikaisha. Tonge la mwisho halijashuka vizuri, mtoto akapiga teke, teke la haraka, akaongeza jingine.

Asubuhi mlishaji alisugua meno hadi fizi zikamuuma. Hakukuwa na haja. Baridi ya banda ilikuwa imempa Daktari mafua. Alinusa, hakupata kitu, akampisha.

Mbuzi wakageuza vichwa, wote kwa pamoja, upesi. Hawakulia. Walimzunguka, wakamnusa mdomo, wakamnusa na tumbo. Miili yao ikaamini kuwa chakula kimefika. Joto likapanda ghafla, kuta zikachuruzika maji. Aliyekuwa karibu naye akaanguka kwa uchungu, akazaa. Kitoto kikasimama, kikatafuta ziwa, kikanyonya. Ziwa lilikuwa kavu. Moto uliokosa kuni huila nyumba: mama alitangulia kufa, mwana akafuata, na wengine wakaanza kuhema.

Daktari alipoingia alitazama kwanza kipimajoto.

"Umeshiba, dada," alisema bila ukali.

"Wape chakula, Daktari. Wameshaamini."

"Nikiwapa, tutakuwa tumepima nini? Matokeo ni mazuri, wakubwa wametuongezea muda." Akavua koti lake, akamfunika mabegani. "Usile kitu leo. Wakiikosa harufu yako, watatulia."

Mlishaji alitaka kumjibu, ila kitu kilimvuta kiunoni, kikaachia, kikamvuta tena. Kabla ya banda hili alikuwa amewaona mbuzi wa kutosha kuujua uchungu. Akatia mkono ndani ya koti, akajiminya titi. Halikutoa hata tone. Alijiminya la pili. Pale chini kitoto cha mbuzi kilikuwa bado na midomo iliyokunjwa ya kunyonya.

Daktari alimwambia asile kabisa, lakini kukaa na njaa tupu aliogopa. Huenda moto ungezimika moja kwa moja. Alikwenda kantini akishika ukuta. Kiuno kilimvuta kwa nguvu zaidi, na mtoto alikuwa akigonga kama mtu aliyefungiwa nje mvua inakuja. Mpishi akajaza upawa, akarudisha nusu sufuriani kama kawaida.

"Punguza tena," mlishaji akasema.

"Hii si nusu yako, dada?"

"Punguza, kaka yangu. Nakuomba."

Mpishi akapunguza. Mlishaji akala amesimama, akitafuna polepole. Uchungu ukalegea, ukaondoka taratibu, kama mgeni aliyeambiwa wenye nyumba hawapo.